Nyigu Hupumzika Saa Sita

Orodha ilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa Mkuu wa Kitivo, na kufikia saa ya chai karibu kila mhadhiri alikuwa ameshapita hapo akijifanya ana shida nyingine. Mmoja alikuja kuulizia ufunguo wa ukumbi ambao haujawahi kufungwa. Mwingine aliinama kukaza kamba za viatu, na miguuni alikuwa na kandambili. Wote walikuwa wakisoma kwa pembe ya jicho: majarida ya kitaaluma ya ulimwengu mzima yamepangwa kwa madaraja, la kwanza juu, la nne chini, kisha mstari mwekundu, na chini ya mstari maneno makavu: Nje ya daraja. Hayahesabiwi.

Mama Nyigu hakujifanya. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi ndio waliombandika, kwa sababu alifundisha elimu ya wadudu na mazungumzo yake yote, hata yakianzia kwenye mvua, yaliishia kwa nyigu. Alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akashuka na kidole toka juu hadi chini. Jarida alilokuwa akilitafuta halikuwemo hata chini ya mstari. Kuwa nje ya daraja ni jambo moja. Kukosa nafasi hata huko nje kulimchekesha kidogo, halafu kukamuuma.

Jarida lenyewe lilikuwa la Idara. Lilichapwa zamani kwenye mashine ya chumba cha chini, likabanwa kwa pini, likasukumwa chini ya milango ofisi kwa ofisi. Mashine ilipokufa, nalo likafa. Humo ndimo alimochapisha makala aliyoipenda kuliko zote, uchunguzi wa nyigu wa udongo, wale weusi wembamba wa kiuno wanaojenga vyumba vya tope ukutani. Alikaa nyuma ya jengo msimu mzima akiwatazama, akagundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika. Jua likifika utosini, kuanzia saa sita hadi karibu saa saba, nyigu huacha kazi. Hawabebi tope, hawajengi, wanakaa tu ukutani kama mafundi walioruhusiwa kwenda kula. Tangu makala hiyo itoke hadi siku ile ya orodha, hakuna binadamu aliyeinukuu.

Na kanuni mpya ya chuo ilikuwa fupi: panda au ondoka. Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Kamati ya kupandisha vyeo ingekaa mwisho wa mwezi, na ikimkuta hana alama, mkataba haurudiwi. Alama zinatoka kwenye majarida yenye daraja, au kwa kunukuliwa na watu waliochapisha kwenye majarida yenye daraja. Mkataba ukienda, nyumba ya chuo nayo inaenda, ile aliyoishi na shangazi yake, pamoja na ukuta wa bafuni ambao shangazi alikuwa amekatazwa kuusugua kwa sababu una viota.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua pepe kutoka kwa mhariri wa jarida la daraja la kwanza. Mama Nyigu aliisoma mara mbili akidhani imekosea njia. Mhariri alikuwa akimwomba ahakiki makala ya mtu, yaani aisome kabla haijachapishwa na aseme inafaa au haifai. Kazi ya kuhakiki haina alama popote, kwa hiyo wakubwa huikwepa kama deni, na mhariri akishakataliwa na wakubwa wote huanza kuokota yeyote ambaye jina lake limewahi kukaa karibu na neno nyigu. Mama Nyigu hakujali ameokotwa wapi. Akaifungua makala pale pale. Majina ya waandishi yalikuwa yamefunikwa, kama ilivyo desturi, ili mhakiki asimwonee mtu wala kumpendelea.

Ilikuwa inahusu nyigu wa udongo wa mahali pengine, mbali sana. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili. Alipofika katikati ya wa tatu, moyo ukampiga paa. "Katika uchunguzi wetu," waandishi walisema, "nyigu walisitisha ujenzi kuanzia saa sita hadi karibu saa saba mchana."

Aliinuka kitini, akazunguka meza, akakaa tena. Kuna mtu mwingine ameona! Miaka yote hiyo alikuwa peke yake na jambo lake, mpaka wakati mwingine alijiuliza kama aliota, na kumbe huko ughaibuni kuna mtu amekaa kwenye jua lake, mbele ya ukuta wake, akawaona nyigu wake wakipumzika saa ile ile. Machozi yalimlengalenga. Hakukumbuka kabisa habari za alama. Alichotaka ni kumpigia mtu huyo simu amuulize, je, na wako wanakaa vichwa vikiwa vimeelekea juu?

Jioni alimsimulia shangazi huku akimenya viazi. Shangazi alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini ualimu haukuwa umestaafu kwake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali lililokuwa likimkaa tangu aliposikia habari za orodha.

"Hayo majarida yanapangwa kama watoto darasani, wa kwanza, wa pili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wa mwisho anapigwa?"

"Hapigwi. Hasomwi tu."

"Heri angepigwa." Shangazi akachukua kiazi kingine. "Sasa huyo aliyeona kama ulivyoona wewe. Ameona, au amechungulia?"

"Achungulie wapi? Makala yangu haipo hata chini ya mstari."

"Mwanangu, mimi nimesahihisha madaftari mpaka vidole vimepinda. Watoto wawili wakipata jibu sahihi, siwezi kusema kitu, huenda wote wanajua. Lakini wakikosea kosa moja, lile lile, hapo najua mmoja alinyoosha shingo."

"Ndiyo, lakini hili si kosa. Ni kweli."

"Umejuaje?"

"Niliona mwenyewe!"

"Mara ngapi?"

Mama Nyigu akaanza kuhesabu. Msimu mmoja. Ukuta mmoja. Hakuwahi kurudia. Alipomaliza ule msimu alipewa madarasa mengi, na baada ya hapo alikuwa akiwapita nyigu kila siku kama unavyompita jirani unayedhani umeshamjua. Alimkasirikia shangazi, akamenya kiazi mpaka kikabaki kama kokwa, na usingizi wa siku hiyo haukuwa na raha.

Kesho yake, kabla ya saa sita, alibeba kiti cha plastiki na darubini ndogo ya mkononi akaenda nyuma ya jengo. Mahali hapakuwa pamebadilika. Ukuta ule ule wenye rangi iliyobambuka, viota chini ya kingo za madirisha, na kule mwisho bomba la kunawia lililochoka, likidondosha matone kwenye kidimbwi chembamba cha tope. Nyigu walikuwa wakienda na kurudi kati ya kidimbwi na ukuta, kila mmoja na kidonge chake cha tope. Saa sita ikafika. Mama Nyigu akakaa vizuri, tayari kuwaona wakipumzika.

Hawakupumzika. Jua lilimpiga kisogoni, saa saba ikaja, na nyigu waliendelea kwenda na kurudi kama wanadaiwa. Akajiambia labda ni siku mbaya. Akarudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena, na nyigu ni wale wale, wanachapa kazi mchana kweupe mbele ya mtu aliyeiambia dunia kwamba saa hiyo wao hulala.

Mtu mwingine angeona aibu kwanza. Yeye aibu ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni muwasho, ule muwasho mtamu ambao hakuusikia tangu alipokuwa mwanafunzi. Kama nyigu hawapumziki, mbona aliwaona wakipumzika? Na kama alikosea, mbona yule wa mbali amekosea vile vile, dakika kwa dakika?

Akaanza kufuata uzi. Makala aliyopewa kuhakiki ilitaja makala nyingine, ya daraja la pili, ikisema nayo iliona mapumziko. Ile ya daraja la pili ilitaja nyingine ya daraja la kwanza. Kila alipofungua moja alikuta saa sita hadi karibu saa saba, kwenye nchi zenye baridi na zenye joto, kwenye kuta za mawe na za mbao, nyigu wa dunia nzima wamekubaliana kama chama cha wafanyakazi. Mwisho wa uzi alikuta makala moja ambayo haikuegemea nyingine. Ilikuwa ya hesabu tupu, modeli ya jinsi wadudu wanavyogawa nguvu zao kwa siku, na ilianza hivi: "Kama inavyojulikana, nyigu wa udongo hupumzika saa sita mchana." Basi. Inavyojulikana na nani, haikusema.

Akashuka macho hadi kwenye jina la mwandishi. Alikuwa Mkuu wa Kitivo.

Huyu Mkuu alikuwa mwanahesabu, mtu nadhifu, mwenye kola iliyonyooka hata siku za joto, na yeye ndiye aliyeiandaa ile orodha kwa mkono wake. Kabla hajapanda ghorofa ya juu walikuwa majirani, ofisi kwa ofisi, huko chini, na hadi leo wakiwa wawili tu yeye humwita Mama Nyigu jirani. Mama Nyigu alipanda ngazi akiwa na hasira za kutosha kuvunja mlango, lakini alipofika juu hasira zilikuwa zimechanganyika na ule muwasho, na swali likatoka kwa sauti ya kawaida.

"Mkuu, ulipoandika 'kama inavyojulikana', ilikuwa inajulikana na nani?"

Mkuu hakuhitaji kuulizwa makala gani. Ile ndiyo iliyompa uprofesa, na uprofesa ndio uliompa kiti. "Si na wewe, jirani? Si ulitusukumia jarida chini ya mlango?"

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Ningekutajaje?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Mhariri wa daraja la kwanza akiona jarida la pini kwenye marejeo anarudisha makala bila kuifungua. Ningekuzika wewe na mimi pamoja. Nilitumia njia ya kistaarabu."

"Ya kunisahau."

"Ya kukufanya ujulikane bila kutajwa."

Mama Nyigu alitaka kumtupia kishikizo cha karatasi kilichokuwa mezani. Badala yake akauliza lililomleta. "Wewe mwenyewe uliwahi kuwatazama?"

"Mimi? Mimi natazama namba."

"Inakaribia saa sita. Njoo utazame."

Hakuna ajuaye kwa nini alikubali. Labda alichoka kusoma mafaili. Labda alitaka kumpoza. Alichukua koti lake, wakashuka ngazi pamoja, wakaingia kwenye ukanda wa chini ambako ofisi zao za zamani zilitazamana na ghala la vifaa. Bomba la nje lilisikika hadi ndani, to, to, to. Mkuu alikuwa akieleza kwa nini madaraja ni ya haki kuliko kujuana, na alipofika kwenye mlango wa ofisi yake ya zamani mkono wake ulikwenda wenyewe ukutani, ukazungusha koki iliyokuwa pale, wala hakukatiza sentensi.

Nje, Mama Nyigu alimpisha kiti. Mkuu alikaa, akaweka koti magotini. Nyigu walikuwa wakienda na kurudi.

"Ndio hawa wanaopumzika?" Mkuu alitania.

"Subiri."

Alimwambia asubiri ili aone hawapumziki, na akajiandaa kumuuliza mtu yule mwenye kola jinsi gani modeli yake ingelieleza hilo. Lakini kidogo kidogo jambo la ajabu likaanza kutokea. Nyigu mmoja alitua pembeni mwa kidimbwi, akagusa kwa mdomo, akatembea huku na huku, akaruka mtupu. Mwingine akaja, akafanya vile vile. Wa tatu hakutua kabisa. Baada ya muda ukuta ulianza kujaa nyigu waliotulia, vichwa juu, mabawa yamekunjwa, hawabebi, hawajengi. Alikuwa anawaona tena, baada ya miaka yote ile, na mwili ulimsisimka.

"Umeona!" Mkuu alisimama, koti likaanguka. Uso wake mzima ulikuwa umefunguka kama wa mtoto. "Umeona! Modeli inasema hivi hivi! Jirani, sikuwahi kujua wanapendeza namna hii."

Mama Nyigu hakuwa akitazama ukuta. Alikuwa ameangalia kidimbwi. Jua la saa sita lilikuwa limekinywa. Pale palipokuwa na tope laini sasa palikuwa na gaga gumu lililoanza kupasuka. Akainua macho hadi kwenye bomba. Lilikuwa halidondoshi.

"Nani amefunga maji?"

"Mimi," alisema Mkuu, macho bado ukutani. "Mazoea tu. Nilipokuwa huku chini nilikuwa nayafunga kila siku nikishakula. Nilikuwa nalala kidogo mezani, si unajua, muda wa saa moja hivi. Sasa mtu utalalaje na lile bomba, to, to, to? Nikiamka naifungua koki, wafagiaji wapate maji."

Mama Nyigu alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashika ukuta, akacheka mpaka mbavu zikamuuma na machozi yakamwagika. Yeye alikuwa amekaa hapa nje msimu mzima, macho kwenye viota, hakuwahi hata mara moja kuligeukia bomba. Na ndani, hatua chache kutoka kwake, mtu alikuwa anasinzia. Nyigu walikosa tope kwa sababu jirani alitaka kulala, na tangu hapo nyigu wa nchi zenye theluji nao wakalazimishwa kulala naye.

Mkuu hakuwa mjinga. Alimtazama akicheka, akalitazama bomba, akautazama ukuta, na ule uso uliokuwa umefunguka ukafungwa tena polepole. Aliokota koti lake, akalipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

"Nani mwingine ameona hili?"

"Mimi na wewe."

"Basi nisikilize, jirani." Alikaa tena. "Nilikukosea kutokukutaja. Hilo nakubali, na ni aibu ndogo, naweza kuibeba. Nitaiandikia kamati kwamba mgunduzi wa kwanza wa mapumziko ya mchana ni wewe, na sisi wote tuliofuata tulisimama juu yako. Utapata alama za kila makala. Utapanda, hakuna ubishi."

"Lakini hakuna mapumziko ya mchana."

"Yapo kwenye majarida ya daraja la kwanza," alisema Mkuu, na hakuwa akitania. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ukisema hayapo, utathibitishaje kwamba tulikunakili? Na ukithibitisha tulikunakili, umethibitisha pia ulikosea. Utakuwa umepata nini?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ndiyo maana ilimkera. Alama ya pekee aliyoiacha duniani ilikuwa kosa lake. Kila kitu kingine alichoandika vizuri kwenye makala ile hakuna aliyekichukua, au walikichukua bila kuacha nyayo.

Alimpelekea shangazi mambo yote kama yalivyo, akitegemea kwamba mwalimu aliyewakamata watoto wengi kiasi kile atajua la kusema. Shangazi alicheka habari ya usingizi mpaka akapaliwa. Halafu akafuta macho na kutazama chumba: kabati lake la vyombo, mashine ya cherehani, mlango wa bafuni.

"Sema ndiyo," alisema.

"Shangazi!"

"Sema ndiyo, mwanangu. Nyigu hawatakwenda kukushitaki. Mimi nihamie wapi na goti hili?"

Mama Nyigu akautazama ule mlango wa bafuni. Aliogopa. Hakuwa shujaa, na hakupenda kuhama, na alimpenda shangazi yake. Siku zilizofuata alijaribu kuandika uhakiki aliouahidi. Alianza na "Makala hii inathibitisha" akafuta. Akaanza tena, akafuta. Kila ilipofika saa sita alijikuta nje na kiti chake, akisema anapumzisha kichwa. Safari hii alitazama kila kitu, kidimbwi, kivuli, upepo, na akaona jambo ambalo msimu ule wa kwanza lilimpita: saa za jua kali nyigu hawakuchota tope la katikati, walichota la ukingoni, upande wa kivuli, na vidonge vyao vilikuwa vidogo zaidi. Kwa nini? Hakujua. Na kutokujua huko kulimpa furaha ambayo hakuna alama iliyowahi kumpa. Asubuhi ya siku ya kamati aliamka mapema, akaandika uhakiki kwa mkupuo mmoja, akautuma kabla chai haijachemka, na chini akatia jina lake, jambo ambalo wahakiki hawafanyi. Kisha akavaa gauni lake la mahafali na kuaga.

"Utasemaje?" shangazi aliuliza.

"Sijui," alisema, na alikuwa anadanganya.

Kamati ilikaa chumba kirefu chenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa profesa mwanamke aliyealikwa kutoka chuo kingine ili haki itendeke. Wote walimwita Profesa Mgeni. Mkuu wa Kitivo alikaa upande wa pili pamoja na wajumbe, na mwishoni kabisa alikuwepo karani, akiandika.

Profesa Mgeni alipekua faili, akatabasamu. "Hii inapendeza. Mkuu wako anatuandikia kwamba wewe ndiye mgunduzi wa kwanza wa mapumziko ya mchana ya nyigu, na kwamba majarida ya daraja la kwanza yamejengwa juu ya kazi yako bila kukutaja. Kwa jedwali letu, alama zako zinavuka kiwango. Inabaki uthibitishe tu. Ni wewe uliyegundua?"

Neno moja lilitosha. Mama Nyigu aliliona kabisa, limekaa kwenye ulimi. Aliliona na goti la shangazi pia.

"Niliandika mimi," alisema. "Lakini hawapumziki."

Karani akainua kalamu.

"Samahani?"

"Nyigu. Hawapumziki saa sita. Nilikosea, na asubuhi hii nimemwandikia mhariri kumwambia hivyo." Akawaeleza: bomba, kidimbwi, jua, koki ya ndani. "Kulikuwa na mtu akiyafunga maji kila mchana ili alale. Maji yakikatika, tope linakauka. Tope likikauka, nyigu hana cha kubeba. Walioandika baada yangu hawakutazama. Wangetazama wasingeyaona mapumziko hayo, maana huko kwao hakuna yule mtu."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikazunguka meza mpaka Profesa Mgeni mwenyewe akavua miwani kufuta macho. "Jamani! Na ni nani huyo bingwa wa usingizi, aliyewalaza nyigu wa dunia nzima?"

Mama Nyigu alitazama mikono yake. Alikuwa amekwisha kuamua jambo hilo njiani: kosa lake ni lake, atalitaja; la mwenzake si lake. "Sikumbuki," alisema.

Kicheko kiliisha. Profesa Mgeni akageuza ukurasa na kushusha pumzi. "Basi unaelewa maana yake. Alama hizi zinafutika zote. Unabaki na sifuri."

"Naelewa."

"Ni mimi," alisema Mkuu wa Kitivo.

Alisema polepole, na kwanza hakuna aliyeelewa ni mimi nini. Alikuwa amesimama, kola imenyooka, na jasho lilikuwa linamtiririka kandokando ya masikio. "Nilikuwa nalala mimi. Na nikaandika modeli ya hesabu ya nyigu wanaopumzika, nikapewa uprofesa. Nilihesabu usingizi wangu mwenyewe. Kama za kwake zinafutwa, zangu zianze."

Karani alitazama fomu yake juu hadi chini akitafuta pa kuandika jambo kama hilo, hakupaona.

Mama Nyigu alimtazama jirani yake wa zamani na akajikuta anamwonea huruma, huruma ya kweli, pamoja na yote aliyomfanyia. Hatimaye Profesa Mgeni alifunga faili. "Kumpandisha cheo hatuwezi. Sifuri ni sifuri," alisema. "Lakini kanuni inairuhusu kamati kurudia mkataba kwa kura, kukiwa na sababu ya pekee. Nataka kujua kitu kimoja kabla ya kura. Katika wote walioandika habari za nyigu hawa, ni nani aliyerudi kuwatazama?"

"Yeye tu," alisema Mkuu.

"Anayetaka abaki, anyooshe mkono."

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Mkuu. Mingine ilibaki mezani. Mama Nyigu aliitazama mmoja mmoja, na ajabu ni kwamba hofu ilikuwa imemtoka. Alikuwa anaitazama tu kwa hamu ya kujua, hivi ni kitu gani huufanya mkono wa mtu mzima uondoke juu ya meza? Ukaondoka mmoja wa pembeni. Ukafuata wa yule aliyekohoa. Halafu ikanyooka yote kasoro mmoja, na huo ulikuwa wa karani, ambaye hana kura. Alikuwa ameushika kwa mkono wake mwingine ili usinyooke.